Msemaji wa Falone

Kama hujawahi kumsikia Papa Zacharie akiongea, mshukuru Mungu na uendelee na kazi zako. Mimi nimemsikia tangu mdogo wangu Bertille aolewe katika familia yao. Siku ya mahari Zacharie alisema tangu asubuhi mpaka nyama ikaungua jikoni, na watu wakampigia makofi badala ya kumkaripia. Tangu siku hiyo akajua kazi yake duniani. Hakuna ndoa hapa Kataki, mtaa wetu wa Kalemie, ambayo hakuitia mdomo. Anavaa koti lake la kahawia, anashika fimbo asiyoihitaji, anakohoa, na binti wa watu anageuka kuwa ua, kisha njiwa, kisha mtungi, hata akitoka chumbani mwenyewe unashangaa kuona ana miguu.

Kwa hiyo chuo kilipoita familia ya Falone, familia ilifanya kile inachokijua. Ilimwita Papa Zacharie.

Falone ni binti wa Bertille. Mimi ni mama yake mkubwa, Émérence, mjane, muuza mawese. Mtoto huyu alizaliwa kwa shida, alikaa muda mrefu bila kulia, na tangu hapo mikono yake inakwenda inakotaka yenyewe kabla ya kwenda anakotaka yeye. Anatembea akiyumba, anashika kalamu kama mtu aliyeshika samaki aliye hai, na maneno yanamtoka taratibu, yamevutwavutwa. Kichwani hana kasoro yoyote. Ana kichwa cha ukaidi na cha hesabu, na diploma yake ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, aliipata kwa alama ambazo binamu zake wenye midomo myepesi wanazisikia tu kwa watu.

Kule sekondari alikuwa na bahati ya mwalimu mmoja wa hesabu asiyependa maneno mengi. Aliona binti anaandika polepole, basi akawa anamwacha aendelee wakati wenzake wametoka kupumzika, naye anakaa pembeni anakula maandazi yake. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyetoa hotuba. Ndiyo maana Falone alifika chuoni bila kujua kwamba jambo hilo linaombwa. Chuo chenyewe kiko juu ya kilima na jina lake naliacha, sitaki ugomvi na watu wenye mihuri. Alijiandikisha seksio ya komtabilite, yaani uhasibu. Interogasio ya kwanza, jaribio la darasani, asistenti wa mwalimu akatangaza muda umekwisha na kumvuta karatasi chini ya mkono, nusu haijaandikwa. Ya pili, vivyo hivyo. Mitihani ya semesta ilikuwa inakaribia, na kama ingekwenda hivyo, mwaka ulikuwa umepotea. Baba yake, Fidèle, mdogo wa Zacharie, alishasema kwamba mwaka ukipotea binti atarudi akae nyumbani, maana wao wamejaribu.

Kukaa. Najua maana ya kukaa katika nyumba ile. Ni kupewa kiti mlangoni na sinia la mchele wa kuchambua, na wageni wakija wanamuuliza mama yako kama umekula.

Falone hakutaka kukaa. Alipanda kilima peke yake mpaka biro ya shefu wa seksio, ofisini kwa mkuu wa idara, kuomba muda zaidi wa kuandika. Sekretere hakungoja hata neno la pili. Alifungua mkoba, akamtia noti mkononi, akamwambia Mungu amubariki. Falone akairudisha noti mezani. Sekretere akadhani ameiona ndogo, akaongeza nyingine juu yake. Aliponisimulia nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu kicheko kikaniisha, nikatamani kupanda kule juu nikamvue yule mama wigi lake mbele ya wanafunzi. Shefu mwenyewe, Papa Kalala, alichungulia kutoka chumbani kwake, akamwona binti anatetemeka mikono mbele ya zile noti, akasema lile ambalo wakubwa husema wakimwona mtu wa namna ile: familia ije.

Falone ameshapiga kura. Nchi nzima ilimuuliza nani atawale, ikampaka wino kidoleni, na hakuna aliyesema familia ije.

Jumapili baada ya misa tukakutana kwa Fidèle. Alikuwepo Zacharie na fimbo yake. Alikuwepo Fidèle, mtu mwema, fundi wa kuitikia. Alikuwepo Bertille, na mimi, ambaye hakuna aliyenialika. Falone alikaa katikati yetu kwenye mkeka, na walimzungumzia kama watu wanavyozungumzia paa linalovuja. Je, chuo kitamvumilia? Je, si afadhali ushonaji? Fidèle akakumbusha kwamba mashine ya kushona nayo inataka mikono. Wakafikiri kidogo, wote wakaonekana wenye hekima.

Falone akafungua mdomo. Alifika kwenye "mimi nataka", na kabla neno la tatu halijatoka Bertille aliruka: mutoto anataka maji. Maji yakaletwa. Falone akalitazama kopo, kisha akanitazama mimi. Katika nyumba ile msichana huyu amekunywa maji mengi ambayo hakuyaomba.

Zacharie akaeleza mpango wake. Katika maongezi ya heshima, alisema, familia inaomba mengi ili ipate pa kurudi nyuma, na wenyeji wakiona unarudi nyuma wanakuona mtu mkubwa. Kwa hiyo ataomba wanafunzi wa kumbeba Falone kwenye ngazi. Ataomba mdogo wake akae naye darasani amwandikie. Ataomba walimu wamwonee huruma kwenye alama. Ataomba kiti cha mbele. Na mwisho kabisa ataomba ule muda.

Nikamuuliza kwa nini muda uwe wa mwisho. Akasema cha mwisho ndicho kinachoachiwa kwa urahisi. Nikamwambia hicho ndicho pekee anachohitaji mtoto, na hayo mengine ni mapambo ya koti lake. Hakukasirika. Zacharie hakasiriki na wanawake, anawasikitikia.

"Mama Émérence," akasema, "maongezi si mawese. Hayapimwi na kopo."

Bertille akaongeza kuku, maana hakuna maongezi bila kuku, na kreti ya sukre, yaani soda. Kuku, kwa chuo. Nilishindwa kuamua nicheke au nitukane, nikajifunga kitenge changu na kuondoka.

Kesho yake Falone alinifuata nyumbani, nyuma ya nyumba ninapojaza mawese kwenye chupa. Hakuja kulia. Alitaka nijifanye Papa Kalala. Nikajikalia juu ya debe, nikajivimbisha, nikamuuliza kila swali baya ninalojua watu huliuliza. Kwa nini usijifunze kazi ndogo? Kwa nini upate wewe na wenzako wasipate? Kazini nani atakungojea? Alinijibu, na majibu yake yalikuwa mazuri, na alipofika katikati ya jibu la kwanza nikammalizia. Hata sikujua nimefanya nini. Katika familia hii mimi ndiye ninayemwelewa kuliko wote, kila silabi, na sifa hiyo naivaa kama wengine wanavyovaa dhahabu.

Falone akapiga debe kwa kiganja.

"Weye pia," akasema.

Maneno hayo mawili yalichukua muda kutoka na yote mawili yalinipata. Nilichukia. Nilimwambia basi aende kwa Zacharie akamtafutie ndege mwingine wa kufananishwa naye. Hakuondoka. Alihangaika na mfuko wake mpaka akatoa pakiti ya bomboni, pipi za minti, akanisukumia. Alieleza kwamba amenichunguza kanisani. Padri akihubiri vibaya mimi hunong'ona mpaka mwisho, lakini nikiwa na bomboni mdomoni nakaa kimya kama mtu aliyeokoka.

Basi nikala bomboni. Tukaanza upya, na kila nilipotaka kummalizia nilinyonya. Mchana ule nilikula minti mpaka meno yakaniuma, na nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu azaliwe, yaani mwisho wa sentensi zake. Nilikuwa nikizimalizia vibaya. Mimi nilikuwa nikiweka "tafadhali" na "kama inawezekana". Yeye haweki.

Kabla hajaondoka alinishika mkono. "Kule biro," alisema, "hata wasiponielewa, usinitafsirie."

"Na wakiniuliza mimi?"

"Njo pale hasa," akasema, yaani ndipo hapo nisitafsiri kabisa.

Siku yenyewe tulipanda kilima kwa pikipiki, Zacharie mbele na kuku mapajani, fimbo imesimama kama bendera ya msafara. Bertille aligoma kuingia. Mama wa binti hakai kwenye maongezi, alisema, atangoja nje kwenye kivuli cha ukuta na kreti yake. Nikamkumbusha kwamba hakuna anayeolewa. Akasema heshima ni heshima. Basi tukamwacha pale, ziwa lote chini yake linang'aa, naye hakuliangalia, amekaa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kuambiwa ameuza kwa bei gani.

Ndani, sekretere wa wigi alimpokea kuku bila kushangaa na kumfunga kwenye mguu wa meza yake, mlangoni kabisa. Hapo nikaona kwamba Bertille hakuwa mjinga peke yake. Papa Kalala alitukaribisha viti. Ni mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya kutoa mhadhara hata akiomba kalamu. Falone alikaa kiti cha pembeni, karibu yangu. Nikatia bomboni mdomoni. Zacharie akasimama, akakohoa.

"Papa shefu, sisi ni wapita njia. Tumepita hapa nje, tukaona nyumba yenye moshi, tukasema, hapa hawakosi watu wa kusikia wenzao."

Nilimtazama Kalala, nikitumaini atamwambia mzee aseme shida yake, watu wana kazi. Lakini Kalala aliegemea nyuma na kutabasamu. Nililifahamu tabasamu lile. Ni la mtu mwenye mabinti, ambaye amekaa upande wa pili wa maongezi kama haya na kufurahi sana.

"Wageni wametoka mbali?" akauliza. "Wamekunywa maji?"

Basi nikajua tumekwisha. Mtu mwenye digrii ukutani na mtu mwenye fimbo walitazamana, na wote wawili wakasahau tuko chuoni. Zacharie alimpeleka Falone kwenye bustani, akamrudisha akiwa njiwa aliyevunjika bawa. Akampeleka mpaka Ankoro kwa mitumbwi ya mababu, akapita Kiambi kusalimia shangazi waliokufa, akarudi Kalemie kwa miguu. Kalala aliitikia kila mahali panapotakiwa. Fidèle alisema "ndiyo, ndiyo" mpaka ikawa kama anaota. Nje kengele ya vipindi iligonga, watu wakaingia, watu wakatoka, na Zacharie alikuwa bado hajafika kwenye ombi la kwanza. Hakuna aliyetazama saa.

Alipofika, mambo yalikwenda kama alivyopanga. Aliomba wanafunzi wa kubeba. Kalala akasikitika, ngazi si zake. Zacharie akarudi nyuma kwa heshima. Aliomba mdogo wa Falone akae darasani. Kalala akasikitika tena. Zacharie akarudi nyuma tena. Aliomba huruma kwenye alama, na hapo Kalala akaweka mkono kifuani, akasema huruma wanayo, wao ni Wakristo, walimu wataambiwa wasimkaze mtoto. Aliomba kiti cha mbele. Kikatolewa mara moja, kwa ukarimu mkubwa, kama vile viti vya mbele vilikuwa vinatoka mfukoni mwa Kalala. Kisha likaja ombi la muda.

"Hapo munanigusa," Kalala akasema. "Nikimupa huyu, kesho wote watataka."

Zacharie akainua fimbo kidogo, uso wake umejaa ukubwa.

"Sisi hatukuja kuwatesa wenyeji. Muda tunauachia."

Fidèle akapiga makofi. Sekretere, kutoka mlangoni, akapiga makofi. Kalala akainuka na kumnyoshea Zacharie mkono, na wanaume hao wawili walikuwa na furaha ambayo sijaiona hata kwenye ubatizo. Walikuwa wamemnunulia mtoto huruma ambayo hakuitaka na kiti ambacho angekikalia mwenyewe akiwahi asubuhi, na kwa ajili hiyo wakatoa kitu kimoja tu ambacho kingemzuia asirudi kuchambua mchele. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimeshaisukuma ile bomboni upande mmoja wa shavu ili niseme, na nilikuwa na mengi, ningeanza na lile koti. Falone akanitazama. Nikairudisha bomboni katikati ya ulimi.

Akapiga mkono wa kiti kwa kiganja, kama alivyopiga debe langu. Kisha akaanza kusema. Neno lilikuwa refu kwake, na lilitoka likiwa limekunjwa, na mikono yote miwili ilimsindikiza hewani.

"Anasema aksanti," Papa Zacharie akaeleza.

"Hapana," Falone akasema. Neno hilo linamtoka safi. Amelifanyia mazoezi maisha yake yote bila kupewa nafasi. Kisha akarudia lile la kwanza, na safari hii kila mtu alilisikia: "Hamujaniuliza."

Kalala alibaki amenyosha mkono.

"Kwenye mahari," Falone akasema, taratibu, akipumzika kati ya neno na neno, "binti anaulizwa. Hamujaniuliza."

Naomba nieleze kwa wale wasiotoka huku. Familia zikishapatana, kila kitu kimehesabiwa, watu wanameza mate wakingoja chakula, binti anatolewa chumbani, na msemaji anamuuliza mbele ya wote: mwanangu, vitu hivi tuvipokee? Akisema ndiyo, ngoma zinapigwa. Akisema hapana, vyote vinarudi, na kuku aliyekwisha liwa analipwa. Hilo ndilo swali pekee ambalo Zacharie huwauliza wanawake. Ameliuliza kwa kila binti hapa mtaani, na siku zote alijua jibu.

Sasa alisimama na fimbo yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Alisema hili si jambo la mahari, hapa ni chuo. Nilikaribia kuimeza bomboni nzima. Alikumbuka ni chuo! Kalala akaketi, na nitampa haki yake, alicheka.

"Papa, njo desturi yenu," akasema. "Mumuulize."

Zacharie hakuwa na njia. Akakohoa, akamgeukia mtoto wa mdogo wake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yao kumuuliza kitu chochote.

"Falone, mwanangu. Tupokee?"

"Hapana. Kuku arudi."

Huko mlangoni sekretere akamtazama kuku kwa masikitiko. Falone akageuza kiti chake, jambo lililochukua muda na kelele, mpaka akawa anamtazama Kalala uso kwa uso, na akasema maneno aliyoyasema nyuma ya nyumba yangu. Aliyasema yote. Lakini pale alikuwa na hofu, na hofu inamkaza taya, maneno yalimtoka mazito kuliko siku zote. Mate yakamtoka pembeni ya mdomo, akayafuta kwa mkono wa blauzi na kuendelea. Kalala alikunja uso. Aliinama mbele, akarudi nyuma. Kisha akafanya kile wanachofanya wote. Akanigeukia mimi.

"Mama, anasema nini?"

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Yalikuwa tayari mdomoni mwangu, yamepangwa, na mimi ningeyasema vizuri sana, kwa "tafadhali" zake zote, na shefu angetikisa kichwa, na mambo yangekwisha, na wote wangesema Mama Émérence ana akili. Mdomo uliniwasha. Nilimwona Fidèle akinitolea macho, sema basi. Nilimwona Zacharie akivuta pumzi, tayari kusema yeye kama mimi siwezi. Nikainyonya ile bomboni. Nikamtazama shefu wa seksio kama ng'ombe wa malisho ya Pepa anavyomtazama mpita njia, nikaendelea kunyonya.

"Mama?" Kalala akarudia.

"Uliza mimi, Papa shefu," Falone akasema. "Niko hapa."

Kalala akavuta kiti chake mpaka pembeni ya meza, karibu naye, na akamuuliza, bila ile sauti ya mhadhara, kama anaweza kurudia. Falone akarudia. Kalala alikosea neno moja, Falone akamsahihisha. Akakosea tena, akasahihishwa tena. Sikujua kwamba kumbe watu wenye digrii wanaweza kufundishwa.

"Sitaki huruma," ndivyo alivyosema. "Munipe maswali yale yale. Mukosoe karatasi yangu kama munavyokosoa za wengine. Kichwa hakichelewi, mikono njo inachelewa. Nataka muda wa kumaliza."

Kalala akasema ameelewa. Halafu akarudi palepale: wenzake watalalamika, watasema anapendelewa, muda wa chuo ni muda wa wote, na mwalimu hawezi kukaa kumngojea mtu mmoja.

Falone akainua mkono, ukayumba hewani kidogo, kisha kidole kikasimama mbele ya koti la kahawia.

"Papa Mukubwa mumemungojea," akasema. "Amesema tangu kengele ya kwanza. Hakuna aliyemunyang'anya karatasi."

Fidèle alitazama viatu vyake. Kalala alitazama saa yake ya mkononi, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile. Zacharie peke yake hakuelewa, akatikisa kichwa kwa kuridhika kwamba ametajwa. Mimi machozi yalinitoka, nayo yalikuwa ya minti na ya mengine, na sikuyafuta.

Kalala akasema sawa. Ataandika mpaka amalize, kuanzia mitihani hii, na mwalimu atabaki naye. Atawaambia walimu yeye mwenyewe.

"Nitawaambia mimi," Falone akasema. "Weye useme tu umekubali."

Basi Kalala akamwita asistenti aliyekuwa anapita kwenye korido, yule yule mvuta karatasi, kijana mwenye tai fupi anayeitwa Guelord. Akamwambia binti huyu ana neno lake, na asimkate. Guelord akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, na kuku akimdonoa kamba ya kiatu. Mwanzoni alinitazama mimi. Nikamwonyesha Falone kwa kidevu. Akaingiza na ule mguu mwingine.

Tulitoka saa sita imepita. Zacharie alimfungua kuku mwenyewe na kumbeba kwapani, na kabla hatujafika mwisho wa korido alikuwa amekwisha pata maelezo. Muda aliuachia makusudi, alimweleza Fidèle, ili wenyeji waone aibu na kuurudisha wenyewe. Ni mbinu ya zamani. Wachache wanaiweza siku hizi. Fidèle akasema ndiyo, ndiyo. Wote wawili wakatangulia kutafuta pikipiki, na nina hakika mpaka leo huko mitaani Zacharie anasimulia jinsi alivyokilainisha chuo kizima kwa mdomo wake. Mwacheni. Falone alikuwa na muda wake, basi.

Bertille aliinuka kutoka kwenye kivuli cha ukuta alipotuona. Alikuwa amekaa pale asubuhi nzima na kreti yake bila kufungua hata chupa moja, midomo imemkauka. Alikuja mbio. Alimvuta Falone kifuani, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akamnyosha kola ya blauzi, akamgusa paji la uso kama ana homa. Yote hayo aliyafanya kwa mapenzi, siwezi kumnyima hilo. Kisha, mikono yake ikiwa bado juu ya mabega ya mtoto, akanigeukia mimi.

"Dada, amesema nini kule ndani?"

Falone alikuwa kati yetu. Wala hakushangaa. Alingoja tu, kama alivyongoja kopo la maji siku ile ya Jumapili, akinitazama.

Nilitia mkono mfukoni. Ilikuwa imebaki bomboni moja. Nikaivua karatasi, nikamshika mdogo wangu kidevu kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa mdogo akikataa dawa, nikamtia bomboni mdomoni.

"Nyonya," nikamwambia. "Sasa umuulize yeye. Halafu ungoje."